Dirisha la kioo cha rangi: aina nne kwa nyumba ya nyanda za juu kusini

Anayejenga Mbeya, Iringa au Njombe hufika siku ambayo nyumba imekwisha kuezekwa, linta zimekauka, na fundi wa madirisha anasubiri jibu kuhusu kioo. Hapo ndipo wengi hukumbuka vioo vya rangi walivyoviona kanisani na kutamani angalau dirisha moja la namna hiyo, juu ya mlango wa mbele, kwenye ngazi, au upande wa sebule unaotazamana na jirani. Ugumu ni kwamba jina "kioo cha rangi" limebeba vitu vinne visivyofanana kwa uzito, kwa bei, kwa umri wala kwa mtu atakayevitengeneza vikiharibika. Viwili kati ya hivyo nimeishi navyo nyumbani kwangu Mbeya, na viwili vingine nimevitazama kwa miaka katika nyumba za ndugu. Namwandikia aliyekwama kati ya vitu hivyo vinne, na nitangulize maoni yangu mapema: swali la picha gani iwekwe lije mwisho, baada ya kujua ni ukuta upi na ni fundi yupi.

Aina zenyewe

Ya kwanza ni kioo cha risasi, yaani madini ya risasi. Vipande vya kioo chenye rangi ndani yake hukatwa kwa kufuata mchoro, vikashikwa na mikanda ya risasi ambayo ukiikata na kuitazama kwa ncha ina umbo la herufi H iliyolala. Hii ndiyo mbinu ya makanisa ya Ulaya ya zama za kati.

Ya pili ni kioo cha utepe wa shaba. Kila kipande huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba wenye gundi, kisha vipande huunganishwa kwa lehemu pande zote mbili. Mbinu hii ilivuma Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kupitia karakana za Louis Comfort Tiffany, ambaye wengi wanamjua kwa taa zake za mezani.

Ya tatu ni vioo vizima vya rangi katika fremu ya mbao iliyogawanywa vyumba vidogo, kila chumba na kioo chake. Watu wa pwani wanaijua vizuri zaidi yetu, kwa kuwa vioo vya rangi vilivyopangwa juu ya milango na madirisha ni sehemu ya sura ya Mji Mkongwe wa Unguja.

Ya nne ni stika, karatasi ya plastiki yenye rangi au picha inayobandikwa juu ya kioo cheupe cha kawaida.

Nimeacha nje mbinu ya vipande vinene vya kioo vilivyomiminiwa zege. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, hivyo kioo cha milimita 25 kinapita kilo 60 kwa mita ya mraba, na mzigo huo unahitaji ukuta uliopangwa kwa ajili yake tangu msingi. Uchoraji juu ya kioo nao sijauhesabu kuwa aina ya tano. Mchoro halisi hupakwa kwa rangi maalumu na kuchomwa katika tanuri hadi ushikamane na kioo, na baada ya hapo kipande huingia katika mkanda wa risasi kama vingine. Fundi akikuambia kwamba atachora kwa rangi ya kopo na haitachomwa popote, ihesabu kazi hiyo kuwa ndugu wa stika.

Nitazilinganisha aina hizi nne kwa mambo yaleyale: mwanga, baridi na hewa, mvua na mtikisiko, usalama, gharama, na matengenezo.

Mwanga

Kabla ya kuangalia kioo, angalia dira. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Iringa karibu nyuzi 8. Maana yake ni kwamba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, na mwezi Juni linashuka hadi nyuzi 58 hivi kutoka upeo wa macho. Dirisha la kaskazini, kwa hiyo, ndilo litakalomwaga rangi sakafuni wakati wa kipupwe, miezi ambayo mtu wa huku anautamani mwanga wa jua kuliko yote. Dirisha la mashariki hung'aa asubuhi, iwapo ukungu umekubali kuondoka mapema. La kusini hupata jua la moja kwa moja miezi ya mvua tu, na wakati huo jua la adhuhuri liko juu mno kiasi kwamba upenu wa paa hulizuia. Huko kusini, kioo cha bluu iliyokoza au chekundu cha damu kitaonekana cheusi sehemu kubwa ya mwaka. Rangi za asali, kijani cha majani machanga na kioo kizito cheupe kama maziwa ndizo zitakazokuwa hai.

Katika aina tatu za kwanza rangi ni ya kioo chenyewe. Imetokana na madini yaliyochanganywa kioo kikiwa kimeyeyuka: kobalti kwa bluu, manganizi kwa zambarau, dhahabu, seleniamu au shaba kwa wekundu, chuma kwa kijani. Rangi hiyo haichuji kwa jua. Stika ni habari nyingine, kwa sababu rangi yake imechapishwa juu ya plastiki na miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ndiyo adui yake. Miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Stika inayodumu Dar es Salaam isitarajiwe kudumu vilevile hapa, hasa kwenye dirisha la kaskazini au la magharibi.

Mistari nayo ina uzito wake. Mikanda ya risasi ni minene na huchora picha kwa kalamu nzito. Kwenye dirisha dogo lenye vipande vingi, mikanda hiyo hula mwanga mwingi. Utepe wa shaba hutoa mstari mwembamba unaokubali petali za ua au bawa la ndege. Mbao ndizo nene kuliko zote, lakini huwa chache, na matokeo yake ni mraba mwekundu, mraba wa njano, mraba wa bluu, bila picha yoyote. Wapo wanaoona huo ni umaskini. Mimi naona ndio unaopendeza zaidi kwenye nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ila hilo ni jicho langu.

Jambo moja watu hulisahau: usiku mambo hugeuka. Taa ikiwashwa ndani, rangi huonekana na mpita njia, na wewe uliye sebuleni unaona kioo cheusi. Kama dirisha ni la chumba kinachotumika usiku tu, unawapambia watu wa barabarani.

Baridi na hewa

Hapa aina zote nne ziko karibu sawa, na zote ni dhaifu. Kioo kimoja cha milimita 3 au 4, kiwe cha rangi au cheupe, hupitisha joto haraka, na usiku wa Julai Njombe au Mafinga utaligusa dirisha na kulikuta kama chuma. Tiba ni kioo cha pili. Kuweka kioo cheupe upande wa nje na paneli ya rangi upande wa ndani, na nafasi ya hewa katikati, hupunguza joto linalopotea kwa karibu nusu. Kioo cha risasi na cha utepe wa shaba hufaidika zaidi na mpango huu, kwa sababu kioo cha nje huvikinga pia na mvua. Fremu ya mbao inaweza kufanya hivyo ikichongwa mapema kuwa nene. Stika haina pa kuongezewa.

Sasa nikae kidogo kwenye hewa, kwa kuwa ni jambo la uhai. Paneli ya risasi au ya shaba kwa kawaida huwekwa isifunguke. Ukichukua dirisha la sebule lililokuwa linafunguka na kuweka paneli ya kudumu mahali pake, umeziba pua ya nyumba. Huku kwetu watu huingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi, na mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa halipaswi kulala ndani hata dirisha likiwa na matundu, lakini chumba kisicho na mahali pa kutolea hewa huongeza hatari maradufu. Kwa hiyo paneli ya rangi iende sehemu ya juu ya dirisha, juu ya mlango, au kwenye ukuta wenye dirisha jingine linalofunguka. Vioo katika fremu ya mbao na stika vina nafuu hapa, kwa kuwa bawa la dirisha laweza kuendelea kufunguka kama kawaida.

Mvua, upepo na mtikisiko

Mezani kwangu ninapoandika pana paneli ya risasi yenye ukubwa wa daftari, iliyotolewa dirishani ili itengenezwe. Ukiukwaruza mkanda wake kwa kucha, unabaki mstari wa fedha unaong'aa kwenye kijivu. Risasi ni laini kiasi hicho. Kwenye kila makutano pana nundu ya lehemu iliyosawazishwa. Nikiitikisa kidogo, inalia kama njugu ndani ya kopo. Mlio huo ndio ugonjwa wake: puti iliyokuwa imejazwa kati ya kioo na mkanda, mchanganyiko wa unga wa chokaa na mafuta ya kitani, imekauka na kumeguka, na mvua ilikuwa ikiingia humo. Unapopelekewa paneli mpya, igonge taratibu kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipa. Iliyojazwa puti sawasawa hutoa sauti moja nzito. Ikilia njugu, irudi kwa fundi.

Ikiwa na puti nzuri, paneli ya risasi huvumilia upepo kwa sababu hukubali kupinda kidogo. Paneli kubwa huhitaji vyuma vya kuitegemeza vilivyokingamana upande wa ndani, la sivyo hutuna tumbo kadiri miaka inavyopita. Utepe wa shaba hauna puti. Ni mgumu, haupindi, na gundi yake haikutengenezwa kwa ajili ya mvua ya Tukuyu, mahali panapopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Siwezi kumshauri mtu aweke paneli ya shaba ikiwa uso kwa uso na mvua. Nyuma ya kioo cheupe, inatulia kabisa.

Kwa fremu ya mbao, kila kitu ni ukavu wa mbao. Mbao za misindano za Mufindi zinapatikana kirahisi na kwa bei nafuu, lakini zikipigwa fremu zikiwa mbichi husinyaa, na kioo hubaki kinacheza. Mninga husinyaa kidogo sana na ndiyo maana mafundi huupenda kwa madirisha. Gharama yake unaijua. Anayetumia misindano na aipe muda wa kukauka chini ya paa na kuipaka dawa kabla haijaingia ukutani. Stika hubandikwa ndani, hivyo mvua haiigusi, ila asubuhi za baridi mvuke wa jikoni na bafuni hugeuka maji juu ya kioo na kupenya kwenye kingo. Ya bafuni kwangu ilibandikwa na fundi ambaye hakufuta vumbi kwanza. Mwaka wa pili kona yake ilikuwa imejikunja kama jani kavu la mgomba.

Kuhusu mtikisiko, nyumba zilizo kando ya barabara kuu ya Tunduma hutikiswa na malori usiku na mchana, na Mbeya yote imekaa kwenye Bonde la Ufa ambako ardhi hutetemeka mara kwa mara. Risasi na mbao huvumilia. Shaba, kwa ugumu wake, huhamishia mtikisiko kwenye kioo, na kioo hupasuka.

Usalama

Risasi ni sumu ikiingia mwilini, na watoto wadogo ndio inaowadhuru zaidi. Dirisha lililokwisha kuwekwa si hatari kwa kulitazama, lakini lisiwe kwenye kimo cha mtoto anayelamba kila kitu, na vumbi la kijivu-jeupe likijitokeza kwenye mikanda lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na kitambaa kitupwe. Lehemu ya paneli za shaba nayo mara nyingi ina risasi, kwa hiyo tahadhari ni ileile. Mbao na stika hazina tatizo hilo.

Kwa mwizi, paneli ya risasi ni mlango: mikanda hukunjuliwa kwa kisu bila kelele. Nondo haziepukiki, na kivuli chake kitaonekana kwenye picha. Ujanja ni kumpa fundi wa nondo na fundi wa kioo mchoro mmoja, ili nondo zisimame nyuma ya mistari mikuu ya paneli. Nimeona dirisha ambalo halikufanyiwa hivyo. Picha ilikuwa ya njiwa, na nondo ilimkata shingo.

Gharama

Kwa paneli za risasi na za shaba, unalipia idadi ya vipande kuliko ukubwa wa dirisha. Paneli ya vipande 12 na ya vipande 60 zenye eneo sawa zina bei zisizokaribiana, kwa sababu kila kipande hukatwa, husagwa kingo na huunganishwa kwa mkono. Aliye na fedha kiasi apunguze vipande kabla ya kupunguza ubora wa kioo. Kwa mbao, gharama iko kwenye ubao na useremala, na kioo chenyewe hukatwa mraba kwa dakika chache. Stika ndiyo rahisi kuliko zote siku ya kununua, ila ihesabiwe pamoja na kubandikwa upya.

Kioo cha rangi chenyewe huja kutoka nje ya nchi na kusafirishwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Nunua cha ziada siku hiyohiyo, angalau kipande kimoja cha kila rangi, na ukihifadhi kimesimama, kisilazwe. Wekundu wa miaka mitano ijayo hautafanana na wa leo.

Matengenezo

Ndugu yangu wa Iringa ana nyumba ya zamani yenye vioo vinane vya rangi juu ya mlango, katika fremu ya mbao. Kimoja cha bluu kilipigwa na mpira. Seremala wa mtaani alikitoa kwa patasi, akapima, akaweka kioo cheupe kwa kuwa cha bluu hakikuwapo, na kazi ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Miaka imepita na jino lile jeupe bado liko palepale kati ya rangi, lakini mvua haiingii. Hiyo ndiyo nguvu ya mbao: kila mtaa una fundi wake.

Paneli ya risasi hudumu karne moja hivi kabla ya mikanda kuhitaji kubadilishwa, lakini kipande kimoja kikipasuka hapo katikati unahitaji mtu anayejua kuikunjua mikanda na kuirudisha. Mtu huyo si rahisi kumpata kwetu, na huenda paneli ikapanda basi kwenda Dar es Salaam ikiwa imefungwa kwenye godoro. Ya shaba ina mlango wa pembeni: fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kujifunza kuilehemu, mradi apate pasi yenye nguvu, ya wati 80 au 100, kwa kuwa ile ndogo ya redio haishiki joto juu ya mistari mirefu. Fundi huyo asiguse paneli ya risasi. Lehemu huyeyuka karibu nyuzi joto 190 na risasi yenyewe nyuzi 327, na mkono usiozoea hutoboa mkanda kabla hajajua. Stika haitengenezwi; hubanduliwa.

Kwa hali yako

Ukiwa umepanga nyumba, au bado hujui kama utakaa, stika inakufaa na huna haja ya kuona haya. Chagua yenye mchoro wa kawaida wa kuficha macho kwa bafu au korido, ipeleke upande wa kusini au mashariki, na usimamie mwenyewe usafi wa kioo kabla ya kubandikwa.

Ukijenga nyumba ya familia Uyole, Makambako au Mafinga, na unataka rangi bila kumtegemea fundi wa mbali, vioo katika fremu ya mbao vitakusumbua kidogo kuliko vyote. Vinawafaa pia wenye madirisha mengi, na wanaoishi mahali pa mvua kali wakiwa na upenu mpana. Havimfai anayetaka picha.

Mwenye dirisha moja la heshima, la kaskazini au mashariki, anayekusudia wajukuu walikute, na aliye tayari kulipia kioo cha nje na nondo zinazofuata mchoro, atafute kioo cha risasi. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga, liwe juu ya linta ya mlango.

Utepe wa shaba unamfaa anayependa mchoro wenye mikunjo myembamba kwa eneo dogo, chini ya nusu mita ya mraba hivi: kijidirisha cha ngazi, mlango wa ndani kati ya sebule na korido, au paneli inayoning'inizwa kwa mnyororo mbele ya dirisha la kawaida. Hiyo ya kuning'iniza ina faida kwamba ukihama unaondoka nayo.

Na ambaye fedha haijatosha lakini kuta bado hazijapigwa lipu, amwambie seremala aache mfuo wa milimita 30 kwenye fremu ya dirisha analolikusudia, aweke kioo cheupe upande wa nje sasa, na aandike vipimo vya ndani vya mfuo huo kwa penseli juu ya ubao wenyewe, mahali ambapo rangi haitapita. Nafasi ya paneli itakuwa imeshapatikana, na kioo cheupe kitakuwa kinafanya kazi yake tangu mvua za kwanza za Novemba.